Rosa Mistika na Morogoro: Je, Tabia ni Maumbile au Malezi?

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Inaanzia na kuishia Ukerewe, lakini Rosa anazama zaidi Morogoro, kwenye chuo cha ualimu. Mwalimu wa fasihi anajibu maswali kuhusu usuli wa kitabu hiki na kile kinachosema juu ya tabia ya binadamu.

Swali: Mwalimu, Kezilahabi aliiandika riwaya hii katika mazingira gani?

Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Alipita seminari, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata kitabu kikatoka. Jina la Rosa linatoka kwenye litania ya Bikira Maria, na riwaya nzima imejaa Ukatoliki wa aina ile aliyoijua mwandishi tangu utotoni. Nchi nayo ilikuwa imetoka tu kutangaza Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na wasichana wa vijijini walikuwa wakipelekwa shule za bweni mbali na macho ya baba zao. Katika fasihi, kivuli kikubwa kilikuwa cha Shaaban Robert. Wahusika wake, akina Adili na Utubora, hubeba sifa zao katika majina, na mwema huwa mwema tangu ukurasa wa kwanza. Kezilahabi alimheshimu, hata tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilihusu riwaya za Shaaban Robert, lakini yeye alichagua njia nyingine. Mhusika wake hajulikani ni mtu wa namna gani mpaka hali imlazimishe kuchagua, na huenda kesho akachagua vingine.

Swali: Wasomaji wengi huichukua kama hadithi ya binti aliyeharibika akalipwa kwa matendo yake. Wanakosea?

Naona wanaanzia kusoma katikati. Mwanzoni Rosa ni binti mtulivu wa Zakaria na Regina. Kijana Charles anamwandikia barua, barua inaangukia mikononi mwa Zakaria, na Rosa anapigwa vibaya sana. Tazameni kinachoadhibiwa hapo. Rosa hajafanya lolote, ameandikiwa tu. Zakaria, ambaye ni mlevi na mkali kwa mke na watoto, hamfundishi binti yake namna ya kumjibu mwanamume, namna ya kukataa, wala namna ya kumtambua anayemtakia mema. Anamfundisha kitu kimoja: kumwogopa Zakaria. Baada ya hapo Rosa anakwenda Rosary, shule ya masista, na kwa muda anaonekana mcha Mungu kuliko wenzake. Wasomaji husifu kipindi hicho na kusema hapo alikuwa bado hajaharibika. Mimi nasema uharibifu ulikuwa umeshafanyika, ila kuta za shule ziliuficha. Utiifu wa mtu ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kukosea hauonyeshi tabia yake. Deogratias, bwana maendeleo, anapomwingilia maishani, Rosa hana silaha hata moja, kwa sababu hakuna aliyempa.

Swali: Kwa nini basi aporomoke zaidi akiwa Morogoro?

Kwa sababu huko fimbo ya baba haifiki, na ulinzi uliopaswa kuichukua nafasi yake unageuka kuwa mwindaji. Ukerewe kuna Zakaria, Rosary kuna masista, lakini chuoni Morogoro mkuu wa chuo mwenyewe anakuwa miongoni mwa wanaume wa Rosa. Hapo maelezo ya kwamba binti ana tamaa tu hayatoshi tena. Mwenye mamlaka, mshahara na umri wa kumzidi ameshiriki kosa lile lile, na jamii ya kwenye kitabu inalibandika kwa msichana peke yake.

Mahali penyewe panatoa ushahidi mwingine, ingawa mwandishi hakuutaja. Chuo cha Ualimu Morogoro kiko Kigurunyembe, chini ya Milima ya Uluguru. Huko juu Waluguru wamerithi ardhi kwa upande wa mama, na sauti ya mjomba imekuwa na uzito mkubwa kuliko ya baba. Mwanamwali alikuwa akiwekwa ndani na kufundwa juu ya mwili wake, ndoa na wanaume kabla ya kutoka mbele ya watu. Sisemi kuwa mfumo ule ulikuwa wa haki. Kuwekwa ndani kulikuwa kifungo pia, na kulimwandaa msichana kwa ndoa kuliko kwa kitu kingine. Lakini unaonyesha kwamba kunyamaza kwa Zakaria hakukuwa sheria ya maumbile wala desturi ya Waafrika wote. Palikuwa na jamii zilizoamua kwamba binti lazima aambiwe.

Uluguru ina somo jingine juu ya kulazimisha. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi mlimani kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa ya kuhifadhi udongo, lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na mahali pengi ngazi zilifukua udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 watu waligoma, ghasia zikazuka, mtu akauawa Matombo, na mpango ukaachwa. Shuruti ilipoondoka, matuta mengi yalitelekezwa. Upande wa Mgeta, ambako wakulima walikuwa na mboga za kuuza na waliiona faida kwa macho yao, ngazi ziliendelea kulimwa. Malezi ya Zakaria yalikuwa ya aina ile ya kwanza.

Swali: Huoni kwamba hoja hiyo inamwondolea Rosa wajibu? Wapo watoto waliopigwa wakawa watu wazima wenye maadili, na waliodekezwa wakapotea.

Pingamizi hilo ni zito, na anayedai kwamba fimbo humharibu kila mtoto hana pa kusimamia. Riwaya haidai hivyo. Haitoi kanuni ya watoto wote, inafuatilia mtu mmoja kwa karibu mno hata tukaona kila kiungo kati ya jana yake na leo yake. Wala Rosa hajaondolewa wajibu, na ushahidi ni sehemu ambayo wasomaji huipita haraka: anabadilika. Anamaliza chuo, anakuwa mwalimu, anaacha maisha ya Morogoro kwa hiari yake. Hakuna baba anayempiga wala sista anayemchunga. Hapa kwa mara ya kwanza anatenda wema ambao ni wake. Kama maumbile yake yangekuwa mabovu, badiliko hilo lisingewezekana. Na kama malezi yangekuwa yamekwisha kuamua kila kitu, lisingewezekana vilevile. Kwangu huu ndio moyo wa kitabu. Binadamu hufinyangwa na waliomlea, lakini habaki udongo daima.

Kinachomuua ni kwamba watu wanakataa kuamini badiliko lake. Charles, yule yule wa barua, anarudi kumchumbia, na anapogundua si bikira anamwacha. Charles mwenyewe haulizwi aliishi vipi miaka ile yote. Rosa anajiua.

Swali: Lakini ni mwandishi aliyeamua afe. Je, hakumwonea mwanamke?

Kwa kiasi, ndiyo. Kezilahabi hakumpa Rosa hata mwenzake mmoja wa kike mwenye nguvu ya kumwambia kwamba Charles si mwisho wa dunia, na upungufu huo unauma. Wahusika wake wa kiume nao hawaponi: Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya iliyotoka mwaka 1974, anajiua pia. Tofauti ni kwamba Rosa anauawa na kipimo ambacho mwanamume hapimwi. Riwaya yenyewe haimwachii hukumu Charles, inaipeleka kesi mpaka mbele ya Mungu, na huko malezi ya Zakaria yanakuwa sehemu ya mashtaka.

Swali: Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Leo kifundishwe vipi?

Marufuku ile, iliyokuja muda mfupi baada ya kitabu kutoka na kuondolewa baadaye, ilifanya alichofanya Zakaria na barua: ilimwadhibu asiye na kosa. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni Tanzania, maana yake serikali imekubali jambo ambalo Charles alilikataa, kwamba maisha ya binti hayaishii kwenye kosa moja. Nawaomba walimu, wa Morogoro na kwingineko, waache kuuliza darasani Rosa alikosea wapi kabla ya kuuliza mkuu wa chuo alikosea wapi. Swali hilo la pili waulizwe wavulana kwanza.