Uso wa Fanani Katika Mwanga wa Pwani: Misingi ya Kurekodi Fasihi Simulizi kwa Video

Fanani hasimulii kwa kinywa pekee. Macho, nyusi na mikono yake pia husimulia. Mwanafunzi aliyerekodi ngano za Wadigo huko Diani au Msambweni akirudi na uso uliogeuka kivuli, amepoteza sehemu ya matini yenyewe.

Chanzo cha hitilafu hiyo aghalabu ni mchanga mweupe. Kamera iliyoachwa ijiamulie hupima mandhari nzima. Ikikuta weupe mwingi hupunguza mwanga, na ngozi nyeusi huzama gizani. Dawa yake ni kupima mwangaza usoni, kisha kukifunga kipimo hicho. Aidha, ufuo wa Diani huelekea mashariki: asubuhi, fanani anayeipa bahari mgongo hupigwa na jua kwa nyuma. Heri aketi chini ya mwembe, mchanga ukiwa nje ya picha.

Kipimo cha weupe nacho kiwekwe kwa karatasi nyeupe papo hapo kivulini, kwa kuwa majani huitia ngozi rangi ya kijani. Usiku, fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 huafikiana na umeme wa Kenya wa hezi 50, hivyo taa hazipepesi pichani.

Katika uhariri, mwangaza husawazishwa kwanza, rangi baadaye, mapambo mwisho. Weupe uliopita kiasi haurudishiki. Kigezo kiwe ngozi ya fanani, wala si buluu ya bahari. Nakala asilia nayo ihifadhiwe bila kuguswa, kwani ndiyo data ya utafiti.