Uchaguzi wa Skrini ya Michezo ya Kompyuta: Somo Moja la Fizikia ya Mwanga

Kijana mmoja wa kidato cha tano, mtoto wa jirani yangu, aliweka akiba kwa muda wa mwaka mzima ili anunue skrini ya kuchezea michezo ya kompyuta. Dukani alichagua ile iliyoandikwa tarakimu za kutia tamaa kuliko zote: hezi 240, milisekunde 1. Jioni ile alikuja kwangu akiwa mnyonge. "Shikamoo, mwalimu. Mbona naona vilevile kama zamani?"

Jibu halikuwa gumu. Kompyuta yake ilitengeneza picha zipatazo 60 tu kwa sekunde, na skrini haiwezi kuonyesha picha mpya ambayo haikuletewa. Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji kwamba maandishi ya kwenye kasha la skrini ni fizikia ileile afundishwayo darasani, na kwamba aielewaye hawezi kudanganyika kwa urahisi.

1. Fuwele-kimiminika

Mnamo mwaka 1888, mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer, aliyekuwa akifanya kazi mjini Prague, aliona jambo la ajabu. Dutu moja itokanayo na kolesteroli iliyeyuka kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi ikawa kimiminika chenye ukungu. Ilipofikia nyuzi 178.5 ndipo ukungu ukatoweka. Kati ya vipimo hivyo viwili dutu ile ilitiririka kama maji, lakini molekuli zake zilishika mpangilio kama katika fuwele. Mfano wake ni magogo yaeleayo mtoni: yanachukuliwa na maji, lakini yote yameelekea upande mmoja.

Ili kuelewa matumizi ya dutu za namna hii, tukumbuke kwamba mwanga ni wimbi. Tikisa kamba iliyopitishwa katika ufa wa wima wa ubao. Mtikiso wa juu na chini hupita, ule wa kushoto na kulia huzuiwa. Kuna utando ufanyao kazi hiyohiyo kwa mwanga, nao huitwa polaraiza. Tukiweka polaraiza mbili, moja ikiwa wima na nyingine ikiwa mlalo, mwanga haupiti. Lakini tukiweka fuwele-kimiminika katikati, molekuli zake zaweza kuugeuza mwelekeo wa mtikiso, na mwanga ukapita. Volteji huzigeuza molekuli, na kwa njia hiyo kila nukta ya skrini, yaani pikseli, huwa mlango mdogo wa kufungulia na kufungia mwanga wa taa iliyo nyuma yake.

Jaribio: Chukua kikokotoo cha mfukoni na miwani ya jua yenye polaraiza. Tazama tarakimu kupitia kioo kimoja cha miwani huku ukikizungusha polepole. Kuna pembe ambayo onyesho lote litakuwa jeusi. Zungusha tena kwa nyuzi 90, nalo litarudi. Eleza sababu.

2. Koo tatu na mgeni mmoja

Skrini za fuwele-kimiminika hutofautiana kwa jinsi molekuli zinavyolala na kugeuka.

Ukoo wa TN. Hapa molekuli zimejipanga kama ngazi ya mzunguko, zikijipinda robo duara kutoka kioo cha nyuma hadi cha mbele. Volteji huunyoosha mpindo huo. Njia hii ilibuniwa mwaka 1970 na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich huko Basel, Uswisi. Ni rahisi kutengeneza na hubadilika upesi. Kasoro yake ni kwamba rangi hugeuka mtu anapotazama kutoka chini au kando.

Ukoo wa IPS. Molekuli hulala sambamba na kioo, nazo huzunguka katika bapa hilohilo. Kwa hiyo rangi hubaki thabiti hata kwa atazamaye kutoka pembeni. Kasoro yake ni weusi usiokolea. Sehemu nyeupe huwa na mng'ao wa takriban mara 1,000 tu ya ile nyeusi, na katika chumba chenye giza nyeusi huonekana kijivu.

Ukoo wa VA. Pasipo volteji molekuli husimama wima juu ya kioo, na mwanga huzuiwa vizuri. Uwiano wa weupe kwa weusi hufikia 3,000 kwa 1, au hata zaidi. Lakini kutoka weusi kwenda kijivu cheusi molekuli huenda kwa uvivu. Katika mchezo wenye matukio ya usiku, vitu vikimbiavyo huacha mkia mweusi.

Mgeni ni OLED, ambayo haina taa ya nyuma. Msingi wake uliwekwa na makala ya Ching Tang na Steven Van Slyke ya mwaka 1987. Kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, nayo ikizimwa huwa nyeusi kabisa. Hubadilika kwa muda ulio chini ya milisekunde 1. Hata hivyo, bei yake ni kubwa, na dutu zake huchakaa: picha isiyobadilika, kama vile ubao wa magoli pembeni, ikikaa saa nyingi kila siku yaweza kuacha alama ya kudumu.

3. Hesabu ya muda

Hezi ni idadi ya picha mpya zinazoweza kuonyeshwa kwa sekunde moja. Muda wa kila picha ni milisekunde 1,000 zikigawanywa kwa idadi hiyo:

hezi 60: milisekunde 16.7
hezi 144: milisekunde 6.9
hezi 240: milisekunde 4.2

Pikseli ikihitaji milisekunde 10 kubadilika, itatosheka katika hezi 60. Katika hezi 144 picha mpya itafika kabla ya ile ya awali kukamilika, na hapo ndipo mkia huzaliwa. Ile "milisekunde 1" ya kwenye kasha aghalabu ni kipimo cha badiliko lililo jepesi kuliko yote, volteji ikiwa imesukumwa kwa nguvu. Msukumo ukizidi, rangi hupita kiasi, na vitu hupata kivuli cheupe badala ya cheusi. Basi tarakimu hiyo ichukuliwe kwa hadhari.

Hata pikseli ibadilikayo papo hapo haimalizi tatizo. Mpira ukienda kwa kasi ya pikseli 960 kwa sekunde, katika hezi 60 huruka pikseli 16 kila picha. Jicho huufuata bila kusita, ilhali picha imesimama mpaka ile nyingine ifike. Matokeo ni ukungu wa upana wa pikseli 16 hivi. Katika hezi 240 ukungu huo hupungua hadi pikseli 4.

4. Namna ya kuchagua

Kwanza, pima kompyuta yako hutengeneza picha ngapi kwa sekunde. Kununua hezi zisizoletewa picha ni kununua mtungi mkubwa kisimani pasipo maji. Pili, angalia mchezo: wa mashindano ya kasi wahitaji pikseli nyepesi, wa hadithi na mandhari wahitaji rangi na weusi. Tatu, angalia chumba: penye mwanga mwingi, sifa ya weusi wa VA na OLED hupotea kwa kiasi kikubwa. Nne, fikiria watumiaji wengine. Skrini ya klabu ya shule, itazamwayo na wanafunzi waliokaa pande zote, yafaa iwe ya IPS.

Yule kijana hakupoteza yote. Tulipunguza urembo wa picha katika mchezo wake, majani na vivuli, na kompyuta ikapata nafasi ya kutengeneza picha nyingi zaidi. Skrini ikaanza kulipa sehemu ya gharama yake. Lakini somo hilo angelipata bure kabla ya kwenda dukani.

Maswali

1. Skrini ya hezi 75 huonyesha kila picha kwa milisekunde ngapi?
2. Gari huenda pikseli 1,200 kwa sekunde katika skrini ya hezi 120. Huruka pikseli ngapi kila picha?
3. Kwa kutumia mpangilio wa molekuli, eleza kwa nini VA huwa nyeusi kuliko IPS.
4. Kompyuta ya shule hutengeneza picha 70 kwa sekunde. Ipendekezee skrini, na utoe sababu.