Neno "Akili" na Unasihi wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Watokao Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza nafasi ya msamiati katika kuzuia na kutibu maradhi ya akili miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu, hususan watokao Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera zilizokuwa moja hadi 2012. Hoja kuu ni kwamba jina lipewalo ugonjwa laweza kumchelewesha mgonjwa kuomba msaada. Ucheleweshaji huo una madhara makubwa. Utafiti wa Kessler na wenzake, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2005, ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya maradhi hayo huwa yameanza mtu afikapo umri wa miaka 24, umri ambao wengi wangali masomoni.

2.0 Mwanafunzi na Lugha Zake

Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyambo (E21 katika uainishaji wa Guthrie) husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kikuu kwa Kiingereza. Kwa hiyo, lugha anayofanyia mtihani siyo aliyojifunzia kulia. Mnasihi anayemhoji kwa Kiingereza pekee huweza kupata majibu sahihi kisarufi yasiyofichua maumivu.

3.0 "Akili" na "Mawazo"

Neno "akili" hubeba pia dhana ya werevu. "Ana akili" ndiyo sifa apewayo mtoto aliyefaulu, ambaye pengine amesomeshwa kwa fedha za kahawa na ndizi za ukoo mzima. Kumwambia kijana huyo kuwa ana "ugonjwa wa akili" ni kama kutilia shaka sifa ileile iliyomfikisha chuoni. Aidha, Mirembe, jina la hospitali ya maradhi ya akili iliyoko Dodoma, limegeuzwa kejeli katika mazungumzo ya mitaani. Si ajabu, basi, mwanafunzi akinyamaza, au akasema tu: "Nina mawazo", "Moyo mzito", "Nimechoka".

Kauli hizo zina uzito wake. "Wazo" ni fikra tu, lakini "kuwa na mawazo" ni kuwa katika dhiki. Kishona nacho kina neno "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi. Mjini Harare, mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwafunza akina bibi kuzungumza na wagonjwa katika benchi, wakitumia maneno ya Kishona kama hilo. Matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

4.0 Matumizi katika Unasihi

Kutokana na mjadala huu, mnasihi hana budi kuanza na neno la mwanafunzi mwenyewe: mawazo gani, tangu lini, usingizi ukoje, chakula kinalika? Kisha wawili hao huchagua tatizo moja na hatua moja inayowezekana. Istilahi kama "sonona" huletwa baadaye, ili kueleza hali ambayo mwanafunzi amekwisha kuisimulia.

Hata hivyo, tafsida ina hatari yake. "Nimechoka" yaweza kumaanisha uchovu wa mitihani, na yaweza kumaanisha kuchoka kuishi. Hapo mnasihi aulize waziwazi: "Je, umefikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu nia hiyo, humfungulia mlango wa kusema. Atakayekiri, au anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, asiachwe peke yake bali afikishwe kwa daktari bila kukawia.

5.0 Hitimisho

Imebainika kuwa unasihi huanza kabla ya tiba yenyewe, katika uteuzi wa maneno. Chuo kinachoandika "ugonjwa wa akili" juu ya mlango wa mnasihi kinaweza kuwafukuza walewale kinaowangojea. Vyuo vikuu na idara za Kiswahili vinapaswa kushirikiana kuandaa maswali ya unasihi yanayotokana na usemi wa wanafunzi wenyewe, na kuyapima pia kwa wasemaji wa Kinyambo kabla ya kuyatumia.