Foleni Moja, Sufuria Moja: Vidokezo vya Chakula cha Shule

Serikali ya Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini chakula cha mchana cha shule za kutwa bado kinategemea sana mifuko ya wazazi: mahindi, maharage, na fedha kidogo ya mpishi. Wengi huchanga. Wasio na cha kuchanga, watoto wao hukaa chini ya mwembe wenzao wakila. Kama uko kwenye kamati ya shule, au ni mwalimu wa zamu tu, anza na haya.

1. Orodha ya wadaiwa ikae kabatini. Isibandikwe ukutani, isisomwe mstarini. Anayedaiwa ni mzazi, naye ana simu. Mpigieni.

2. Foleni iwe moja. Pale waliochangiwa wanapotangulia, wa mwisho hukuta mchuzi mtupu. Na mpishi akoroge sufuria kila mara, maana maharage huzama, na upawa unaochota juu juu unajua kubagua bila kusema neno.

3. Nunueni sahani. Hiki hakitajwi vikaoni, nami nakiweka karibu na juu makusudi. Watoto huambiwa waje na vyombo vyao: mmoja ana bakuli la mfuniko, mwingine kopo lililokatwa, wa tatu hana kitu. Huyo wa tatu humsubiri rafiki amalize, asuuze, ndipo apange foleni. Akifika, wanakwangua ukoko. Sahani za plastiki zinazofanana, zikikaa stoo ya shule, zinamaliza habari hiyo.

4. Kusanyeni wakati wa mavuno. Januari mzazi anahangaika na sare na madaftari. Asiye na shamba alete kuni au mchicha, au aje kusaidia jikoni. Aje yeye, si mwanawe: kumtuma mtoto achote maji ili "alipie" ugali ni kumtangaza.

5. Msamaha utolewe kimyakimya. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini zinafahamika kijijini, lakini wapo wasioandikwa, kama mjukuu anayelelewa na bibi. Mwalimu wa darasa huwajua. Hesabu yenyewe haitishi: tuseme shule ina watoto 100, kila mmoja kilo 18 za mahindi. Mkiwasamehe 10, wale 90 wanaongeza kilo 2 tu kila mmoja.

6. Fedha isipite mkononi mwa mtoto. Nairobi, kwenye mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023, mlo ni shilingi 5 za Kenya. Mzazi hulipa kwa simu, mtoto hugusisha bangili yake kwenye mashine, anapewa chakula. Bangili si lazima. Daftari la mwalimu mmoja msiri linatosha.

7. Msiwapikie wa mitihani peke yao. Darasa la nne na la saba hula kwa sababu matokeo yao yatatangazwa, huku wa darasa la kwanza wakinusa tu harufu. Stoo ikiyumba, ugali wa madarasa mawili ugeuzeni uji wa shule nzima, hata kama ni siku tatu kwa wiki. Sukari ikikosekana, watoto watalalamika, na watakunywa.