Ruta imeninyofolea pembe ya gitaa

SWALI: Fundi, natengeneza gitaa la umeme kwa ubao wa mninga. Nilipozungusha ruta kufuata kigezo, kisu kilinyofoa kipande kizima kwenye pembe ya chini. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana; hapo ndipo wengi huumia. Kwenye pembe na kiunoni ukingo hupinda na kukatiza nyuzi za mbao, kisu kikakutana na ncha zake na kuzing'oa badala ya kuzikata. Nahisi pia uliiachia ruta mbao nyingi mno. Kwanza kata kwa msumeno, ubakize milimita 2 tu nje ya mstari. Kisha shusha kisu chenye beringi kidogo kidogo, milimita 5 kwa kila mzunguko. Bodi ya gitaa la umeme aina ya Telecaster ina unene wa takriban milimita 45, kwa hiyo mizunguko ni mingi, vumilia. Ukingo wa nje peleka ruta kinyume cha mshale wa saa. Ndani ya mashimo ya pikapu, fuata mshale. Palipo na ncha za nyuzi, malizia kwa tupa na msasa.

Kile kipande usikitupe! Kirudishe kwa gundi ya mbao na ukibane usiku kucha.

Msasa uanze na namba 80, kisha 120, 180 na 220, ukifuata nyuzi. Vaa barakoa, maana vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Vinyweleo vyake viko wazi, hivyo vizibe kwa sila kabla ya vanishi.