Usiseme "Ni Uzee Tu"
Kijitabu cha kaya kuhusu sonona kwa wazee

Tunachokiona katika kituo cha afya
Mzee analetwa amekonda, hataki kula, hasemi na mtu. Ukiuliza mbona amecheleweshwa, jibu ni lilelile: "Tulidhani ni uzee tu." Uzee hupunguza mwendo. Haumfanyi mtu achukie kuwaona wajukuu zake. Huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, na una tiba.

Dalili
Mara nyingi mzee hatasema ana huzuni. Atasema mgongo unauma, tumbo limejaa, usingizi unakatika usiku wa manane. Ataacha kwenda msikitini au kanisani, ataacha kuoga. Zikipita wiki 2, usiseme ni uzee tu. Mlete.

Chanzo
Wengi hutafuta aliyemroga. Chunguzeni mwili kwanza. Kiharusi, hata kile kidogo alichopona, huweza kuleta sonona. Kisukari vilevile, ugonjwa wa kutetemeka mikono, upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha, maumivu ya magoti yasiyotibiwa. Mzee aliyekaa muda mrefu bila nyama, samaki, mayai wala maziwa anaweza kupungukiwa vitamini B12, nao upungufu huo huweza kuleta sonona. Baadhi ya dawa pia, kama prednisolone wanayopewa wenye pumu. Haya hupimwa kituoni. Ukishasema ni uzee tu, hakuna atakayeyapima.

Pombe
Huzidisha sonona.

Maonyo
Usimnunulie dawa ya usingizi dukani. Ataanguka usiku avunjike nyonga. Usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Dawa ya sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo usiikatishe kwa kuwa wiki ya kwanza hujaona kitu, wala usiikatishe akichangamka, mpaka mhudumu aseme. Mzee akisema amechoka kuishi, usimkemee na usimwache peke yake. Ondoa sumu ya wadudu na kamba. Mlete siku hiyohiyo, hata usiku. Nakuomba, hapo hasa usiseme ni uzee tu.

Gharama
Tanzania, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Ulizia dirisha la wazee.

Siku ya kumleta
Weka dawa zake zote katika mfuko mmoja, na za mitishamba pia. Aje na mtu anayelala naye nyumba moja, maana ndiye anayejua usiku wake unavyokwenda.