Mvumo wa Nyuki

Watu wengi hudhani ya kuwa nyuki huvuma kwa kinywa, kama mtu aimbaye. Sivyo. Nyuki hapumui kwa kinywa, wala hana koo la kutolea sauti. Mvumo wake hutoka katika mbawa na kifua.

Nyuki ana mbawa nne, mbili kila upande. Arukapo, ubawa wa mbele na ubawa wa nyuma hushikana kwa vikulabu vidogo sana, zikawa kama kitu kimoja. Kifua chake ni mfano wa kijisanduku kigumu chenye misuli ya nguvu ndani yake. Misuli hiyo hukivuta kifua, kikabonyea na kufutuka upesi upesi, na mbawa zikapanda na kushuka. Mbawa za nyuki wa asali hupiga mara 230 hivi kwa sekunde moja. Hewa hutikisika, na mtikisiko huo ufikapo sikioni ndio mvumo tuusikiao.

Basi, nyuki huvuma kwa sababu gani? Kwanza, ni kwa kuruka. Pili, ni kwa kazi ya nyumbani. Siku ya joto kali baadhi yao husimama mlangoni pa mzinga, wakapepea mbawa pasipo kuruka, ili hewa ya moto itoke. Tatu, ni kwa kujilinda. Mzinga ukitikiswa, mvumo hubadilika ukawa mkali. Kwa hiyo mrina asali mwenye busara husikiliza kwanza, ndipo afungue.

Yuko na nyuki mkubwa mweusi, yule atoboaye mbao. Ua la nyanya huuficha unga wake, yaani chavua, katika vifuko vyenye tundu ndogo. Nyuki huyu hulishika ua, akazituliza mbawa, akatikisa kifua tu, chavua ikamwagika. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo.

Hata tembo anaijua maana ya mvumo. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki humchoma kando ya macho na ndani ya mkonga. Mwaka 2007 mtaalamu Lucy King na wenzake walitoa habari za jaribio walilolifanya kaskazini mwa Kenya. Tembo waliokuwa wakipumzika chini ya miti walisikilizishwa sauti ya nyuki waliochokozwa, ikitoka katika chombo. Jamaa 16 za tembo katika 17 ziliondoka kabla ya sekunde 80 kupita, wala hapakuwapo nyuki hata mmoja!

Baadaye wakulima wa Sagalla, karibu na mbuga ya Tsavo, walizungushia mashamba yao mizinga iliyoungwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki wakatoka wakivuma, na mara nyingi tembo hurudi nyuma. Mahindi ambayo yangaliliwa usiku mmoja huwa chakula cha watoto, na asali juu yake.

Basi mtoto asikiapo nyuki mmoja akivuma mauani, asitupe mikono. Nyuki yuko kazini. Lakini asikiapo mvumo mkali wa nyuki wengi, na afanye kama tembo: aondoke upesi.

Maswali
1. Mvumo wa nyuki hutoka wapi?
2. Kwa nini mrina asali husikiliza kabla ya kufungua mzinga?
3. Mizinga huyalindaje mashamba ya Sagalla?